Kumwona mtaalamu wa lishe jijini Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa kila wiki: kliniki, kwenye simu, hata ndani ya matatu nikishataja kwamba mimi ni mtaalamu wa lishe. Nimejibu kwa urefu pale ninapoona watu wakiumia au wakipoteza pesa kwa kukosa jibu, na kwa ufupi pale jibu lenyewe lilipo fupi.

Mimi si mgonjwa. Nina haja gani ya mtaalamu wa lishe?

Huenda huna. Kama presha na sukari ziko sawa, uzito haupandi wala haushuki bila sababu, na mboga na matunda hayakosekani kwako siku nyingi za wiki, weka pesa zako.

Wanaofaidika sana ni wenye kisukari, presha, ugonjwa wa figo au gauti. Wajawazito na wanaonyonyesha. Mtoto asiyeongeza uzito. Anayetibiwa saratani au kifua kikuu. Anayeishi na HIV. Na mzee ambaye nguo zimeanza kumpwaya. Kuna kundi jingine ambalo halijioni humu kabisa: mtu wa miaka thelathini na kitu, anayekaa kitini kutoka asubuhi hadi jioni, kisha anamalizia siku kwenye foleni ya Thika Road au Jogoo Road, na mzazi wake mmoja ana kisukari. Mtu huyu apimwe sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c. Ikitoka kati ya asilimia 5.7 na 6.4, sukari imeanza kupanda ila haijafika kiwango cha kisukari, ambacho ni 6.5. Huo ndio wakati ambapo kubadilisha chakula na kutembea kunaweza kuzuia mengi, na ndio wakati ambapo wengi husema watakuja mwaka ujao. Msingoje mwaka ujao.

Nitajuaje kwamba huyu ni mtaalamu wa kweli?

Mwombe nambari yake ya usajili. Kenya ina sheria ya wataalamu wa lishe ya mwaka 2007, na sheria hiyo ndiyo iliyounda KNDI, taasisi inayowasajili na kuwapa leseni. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani tangu zamani hakitoshi. Mtu aliyesajiliwa hakasiriki ukimuuliza. Anayekasirika amekwisha kujibu swali lako.

Mjini kuna watu wengi wanaojiita wataalamu wa lishe baada ya semina ya wikendi moja, na wengine kwa sababu wao wenyewe walipunguza uzito. Kupungua kwako si elimu ya kumtibu mtu mwenye figo mbovu.

Kuna jambo moja ambalo nataka kulisema waziwazi. Unaingia ofisini kwenye jengo fulani katikati ya mji, au hema limesimamishwa kanisani baada ya ibada, unaambiwa upimwe mwili mzima kwa bei ya chini au bure. Unashikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta. Baada ya dakika moja zinatoka karatasi: ini limechoka, mishipa imeziba, mifupa imepungukiwa na kalisi, kongosho lina shida. Dawa za yote hayo ziko hapo hapo kwenye rafu, na bei yake ni ya kukopea. Hakuna mashine ya kushika mkononi inayoweza kujua hali ya ini au kongosho lako. Ini hupimwa kwa damu na picha, figo kwa damu na mkojo, damu kwa damu. Zipo mashine halali za kukadiria mafuta mwilini ambazo nazo hushikwa au kukanyagwa, lakini hizo hazidai kuona magonjwa. Nimeona akina mama wakija na mifuko ya makopo hayo wakiwa wameacha vidonge vya presha ili wapate pesa za kuyanunua. Inauma.

Je, kila anayekuandikia virutubisho ni tapeli? La. Mjamzito anahitaji madini ya chuma na asidi ya foliki. Mtu aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi huenda akapungukiwa na vitamini B12. Tofauti ni kwamba mtaalamu atakuonyesha sababu, mara nyingi kwenye majibu ya maabara, na atakuruhusu ununue kwenye duka lolote la dawa upendalo.

Nimwone wapi hapa Nairobi?

Anzia karibu na nyumbani. Hospitali za umma kama Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Pumwani zina wataalamu wa lishe, na vituo vingi vya afya vya kaunti vina afisa wa lishe anayehudumia kliniki ya mama na mtoto. Kenyatta inao pia, lakini ile ni hospitali ya rufaa; ukienda huko na jambo ambalo kituo cha mtaani kingelimaliza, utapoteza siku nzima kwenye benchi. Hospitali za kibinafsi na za misheni zinao, na wengine wana ofisi zao wenyewe.

Ni pesa ngapi?

Bei hutofautiana sana kati ya kituo cha umma, hospitali ya kibinafsi na ofisi ya mtu binafsi, kwa hiyo uliza kwa simu kabla ya kupanda gari. Uliza mambo matatu: ada ya mara ya kwanza, ada ya kurudi, na kama vipimo vya damu vimo ndani ya bei au vinalipiwa kando. Kama una bima ya kazini, wapigie bima kwanza, kwani nyingi hutaka barua ya daktari aliyekutuma. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ulizia kwenye dirisha la kituo unachokwenda ni huduma zipi zinazolipiwa hapo. Na ukilipa kwa M-Pesa, dai risiti.

Jihadhari na kifurushi cha miezi sita kinachotakiwa kilipwe chote siku ya kwanza. Lipia mara moja, uone kama mnaelewana.

Nibebe nini siku ya kwanza?

Majibu ya maabara ya miezi ya karibuni, dawa zote unazotumia zikiwa ndani ya pakiti zake, na hapo nahesabu pia miti shamba, chai za kupunguza tumbo na yale makopo. Usiache kitu nyumbani kwa aibu. Hatutakugombeza, tunataka kujua ni nini kinachogongana na nini.

Kisha andika ulichokula kwa siku tatu, moja ikiwa Jumamosi au Jumapili. Daftari la shule latosha. Kama kuandika ni kazi, piga picha za sahani kwa simu.

Na kuna kitu kimoja ambacho nawaomba wote wafanye, nacho kinanisaidia kuliko daftari. Siku unayofungua pakiti ya unga, chupa ya mafuta na pakiti ya sukari, chukua kalamu uandike tarehe juu yake. Zikiisha, andika tarehe nyingine. Tuseme nyumba yenu ina watu wanne wakubwa. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikiisha kwa siku mbili, kila mmoja anakula gramu 250 za unga mkavu kwa siku, karibu kalori 900 za ugali peke yake. Lita moja ya mafuta ikiisha kwa wiki, ni kama mililita 36 kwa kila mtu kwa siku, zaidi ya vijiko viwili vikubwa, takriban kalori 300. Kilo moja ya sukari ikiisha kwa wiki ni gramu 36 kwa mtu, vijiko tisa vya chai, kabla hujahesabu soda na mkate. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ni bora ikikaa chini ya gramu 25. Ukija na tarehe hizo tatu, tumekwisha kujua pa kuanzia kabla hujavua koti.

Wanaonunua mafuta ya kupima na unga wa kadogo wanaweza kuandika pesa zilizotumika kila siku. Hesabu ni ile ile.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Utapimwa urefu, uzito, kiuno na presha. Utaulizwa kuhusu magonjwa ya kwenu, usingizi, choo, kazi, nani anapika, nani ananunua, mna friji au hamna, mnapikia gesi, makaa au mafuta ya taa. Maswali ya jiko si udaku. Siwezi kumwambia mtu achemshe maharagwe kila siku mbili kama mtungi wa gesi unamalizika kabla ya mwisho wa mwezi.

Halafu tunarudi jana. Mazungumzo huwa hivi:

"Jana ulikula nini tangu ulipoamka?"

"Asubuhi nilikunywa chai tu."

"Ya maziwa? Na sukari?"

"Ya maziwa. Vijiko vitatu."

"Ilikuwa na kitu cha kusindikizia?"

"Mandazi mbili, lakini ndogo."

"Saa nne je?"

"Ah, ofisini kuna chai. Hiyo ni ya kawaida."

"Na jioni ulipofika nyumbani?"

"Chai, tukingoja chakula."

Vikombe vitatu, vijiko tisa vya sukari, mandazi mbili, na siku nzima mtu anaamini hakula kitu mpaka mchana. Hajadanganya. Kwetu chai haihesabiwi kuwa chakula. Ni adabu, ni mapumziko, ni kumkaribisha mgeni. Ndiyo maana tunauliza polepole, na ndiyo maana anayekupa ratiba ya chakula bila kukuuliza jana ulikula nini amekupa karatasi ya mtu mwingine.

Nitaachishwa ugali?

Hili ndilo swali linalowafanya watu wasije, kwa hiyo nalijibu vizuri. Hapana. Sijawahi kuona sababu ya Mkenya kuachishwa ugali. Tatizo liko kwenye kipimo chake na kwenye vile vinavyokaa kando yake.

Tazama sahani ya kawaida ya chakula cha jioni: ugali umechukua zaidi ya nusu, mchuzi una vipande vichache, na sukuma wiki ni kijiko kimoja cha kupambia. Tunachokifanya ni kuigeuza sahani hiyo. Nusu iwe mboga, robo iwe ugali au wali au chapati, robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako unawatosha wengi wanaofanya kazi ya kukaa. Anayebeba mizigo Gikomba au kuchanganya simiti kwenye mjengo anahitaji zaidi, na mtaalamu akimpa kipimo cha karani atamlaza na njaa.

Kuhusu unga: unga wa pakiti unaouzwa madukani unatakiwa kisheria tangu 2012 kuongezwa vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Unga wa kusaga kwenye kinu cha mtaani, usiokobolewa, una nyuzinyuzi nyingi zaidi lakini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Vyote viwili vina faida yake. Watu wa kisukari hupenda kuambiwa kwamba ugali wa kahawia, wa wimbi, mtama na muhogo, haupandishi sukari. Unapandisha. Wimbi na mtama vina nyuzinyuzi na madini mazuri, navyo vinashibisha, lakini muhogo ni wanga mtupu, na ukila mlima wa ugali wa kahawia, glukometa, kile kifaa cha kupima sukari kidoleni, itakuambia ukweli baada ya saa mbili. Jipime mwenyewe uone.

Asali na sukari guru ni sukari pia. Juisi ya matunda uliyoisaga na kuichuja imepoteza nyuzinyuzi na kubaki na sukari. Kula tunda lenyewe. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, na kwa mtu anayekunywa moja kila mchana, kuiacha huleta mabadiliko makubwa kuliko kupigana na ugali.

Kila mtu ananiambia ninywe bitiruti kwa sababu nina damu kidogo. Ni kweli?

Bitiruti ni nyekundu kwa rangi yake yenyewe, si kwa chuma. Ni mboga nzuri, ila haitibu upungufu wa damu. Kwanza pimwa, kwani damu hupungua kwa sababu nyingi: hedhi nzito, minyoo, malaria, vidonda vya tumbo vinavyovuja, magonjwa ya kurithi kama selimundu. Kama ni upungufu wa chuma, tutazungumzia maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu na terere. Chuma kilichomo kwenye mboga na nafaka huingia mwilini kwa shida, lakini ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama chungwa, pera au limau lililokamuliwa juu ya mboga, kinaingia vizuri zaidi.

Sasa chai tena. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie. Subiri angalau saa moja baada ya kula. Wapo waliomeza vidonge vya chuma kwa miezi wakiviteremshia na chai ya maziwa, kisha wakashangaa damu haipandi.

Mjamzito: maini ni mazuri lakini yana vitamini A nyingi mno, usiyafanye chakula cha kila siku. Vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki, meza. Vikikuchafua tumbo, rudi useme. Usivitupe kimya kimya.

Nina kipato kidogo. Lishe bora si ya watu wa Kileleshwa?

Ningependa dhana hii ife. Vyakula ninavyoviandika mara nyingi zaidi viko kwenye masoko ya Marikiti, Kangemi na Toi na kwa mama mboga wa karibu: kunde, managu, terere, saga, mrenda, ndengu, njahi, maharagwe, omena, mayai, viazi vitamu, nduma, ndizi, parachichi za msimu. Mbegu za chia na lozi hazihitajiki. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha yanaiva haraka, gesi inapona, na tumbo halijai upepo sana ukimwaga maji ya kulowekea. Chemsha mengi kwa wakati mmoja. Wasio na friji wapike ya siku hiyo na ya kesho asubuhi, wayachemshe tena kabla ya kula.

Mboga za kienyeji usizichemshe kwa maji mengi kisha ukayamwaga, kwa kuwa vitamini C na foleti huondoka nayo. Managu chungu yalainishe kwa maziwa kidogo kama wanavyofanya wengi nyumbani. Sukuma isikaangwe mpaka ibadilike rangi. Osha kwa maji safi yanayotiririka, hasa kama hujui ilikolimwa, kwani si siri kwamba baadhi ya mboga za mji huu humwagiliwa maji machafu ya mito yetu.

Kama chakula chako cha mchana ni cha kibanda, nacho kina nafasi. Badala ya chapati mbili na madondo sahani ndogo, agiza chapati moja, madondo mara mbili, na mboga. Mwambie mwenye kibanda akupunguzie ile supu ya mafuta inayoelea juu. Atakuzoea baada ya siku chache, na bei haitapishana sana. Smokie, soseji na krispi ziwe za mara moja moja: zina chumvi nyingi, na chumvi ya siku nzima inapaswa kuwa chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na kwenye viungo vya pakiti vya mchuzi.

Nyumbani sipiki mimi. Nifanyeje?

Mlete anayepika. Ni jibu fupi lakini limeokoa mipango mingi. Nyumba nyingi za Nairobi zinapikiwa na dada wa kazi, na ndiye anayeshika kijiko cha mafuta na chumvi, ndiye anayempikia mtoto uji. Mwenye nyumba anakuja kwangu, anapewa maelezo, anarudi saa mbili usiku chakula kikiwa tayari mezani. Dada akija, aulizwe anapikaje, aheshimiwe, asionekane kama mshtakiwa. Wengi wao wanajua kupika mboga za kienyeji kuliko mwajiri. Vivyo hivyo kwa mama mkwe: usimtumie ujumbe kupitia kwa mkaza mwanawe, mwite aje aketi nasi. Shikamoo yako na dakika tano za kumsikiliza zitafanya kazi ambayo karatasi haiwezi.

Nitapungua kilo ngapi kwa mwezi?

Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo salama kwa wengi, na kuna wiki ambazo hakuna kitakachosogea. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu, yaani asilimia 5, tayari hiyo inaweza kuisaidia presha na sukari, hata kama rafiki zake hawajaona tofauti. Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mbili anakuuzia maji na misuli yako. Chai nyingi za "kusafisha mwili" zina sena, dawa ya kuharisha; unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, na mafuta yanabaki palepale. Ini na figo zako husafisha mwili bila kulipwa.

Nikifuata lishe, nitaacha dawa za kisukari au presha?

Wengine hupunguziwa, na wachache huachishwa, lakini anayepunguza ni daktari baada ya vipimo. Hili nalisema kwa uzito wote. Mtu anayejidunga insulini akipunguza wanga ghafla bila kumjulisha daktari anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Mtaalamu wa lishe anayekuambia uache dawa, inuka uondoke.

Rafiki yangu alipewa orodha nzuri na mtaalamu wake. Naweza kuitumia?

Usiitumie. Ndizi, parachichi, viazi na mboga za kijani humsaidia mtu wa presha kwa sababu ya potasiamu. Mtu ambaye figo zimeanza kushindwa huenda potasiamu hiyo hiyo ikamsimamisha moyo. Watu wa gauti nao hupunguziwa nyama nyekundu, matumbo, maini, omena na bia, wakati mtu wa upungufu wa damu nimemwambia ale maini na omena. Orodha moja, watu wanne, na mmoja wao anaumia.

Nina kisukari na nataka kufunga Ramadhani.

Njoo mwezi mmoja au miwili kabla, si siku ya mwandamo. Wakazi wa Eastleigh, Pumwani na South C wanaojiandaa mapema hufunga kwa usalama zaidi, kwani daktari hupata nafasi ya kubadilisha saa na kiasi cha dawa, nasi tukapanga daku na futari. Daku iwe ya vitu vinavyokaa tumboni, kama maharagwe, yai, uji wa nafaka isiyokobolewa, na maji ya kutosha. Futari ianze na tende na maji, kisha chakula, na sambusa zihesabiwe. Kupima sukari kidoleni hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, fungua hapo hapo. Wapo ambao afya yao hairuhusu kufunga, nao dini imewapa ruhusa. Ongea na imamu wako pamoja na daktari.

Mtoto wangu amefikisha miezi sita. Nimpe uji gani?

Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama pekee, bila maji. Baada ya hapo anaongezewa chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, si wa kumiminika kama chai.

Wasiwasi wangu ni ule unga wa mchanganyiko wa vitu kumi: mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu, omena, mchele, vyote vimesagwa pamoja na kuwekwa kwenye ndoo kwa miezi. Njugu na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu, ile aflatoksini, na ukishasaga huwezi kuona punje iliyoharibika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa nchi. Soya mbichi nayo humsumbua mtoto tumbo. Tumia nafaka moja au mbili, kisha ongeza maziwa au njugu ulizochagua na kuzisaga mwenyewe kidogo kidogo, na yai, maharagwe yaliyopondwa, omena iliyosagwa au mboga viwe mlo wa kando.

Peleka kile kijitabu cha kliniki kila mara apimwe uzito. Mstari ukilala au ukishuka, usingoje mwezi ujao. Mhudumu wa afya ya jamii akimpima mkono kwa utepe, na mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 akapata chini ya sentimita 11.5, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Naweza kuhudumiwa kwa simu?

Ndiyo, hasa mara za kurudi. Mara ya kwanza afadhali tuonane, kwa sababu vipimo vya mwili vinavyochukuliwa nyumbani huwa na makosa na kwa sababu kuna mambo mtu husema tu mlango ukifungwa.

Nirudi mara ngapi?

Kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne, kisha tunaachanisha miadi zaidi. HbA1c haina maana kurudiwa kabla ya miezi mitatu. Ukishindwa kufuata tulichopanga, hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kurudi. Mpango usiofuatwa ni mpango uliokosewa, na kazi ya kuurekebisha ni yangu kama ilivyo yako.

Ni wakati gani nisije kwako kwanza?

Nenda kwa daktari moja kwa moja kama unakonda bila kujaribu, chakula kinakwama kooni, unaona damu kwenye choo au choo ni cheusi kama lami, unatapika kila siku, au una kiu isiyoisha na unakojoa usiku kucha. Maumivu ya tumbo ambayo kila mtu mtaani ataita vidonda yapimwe. Mara nyingi chanzo ni bakteria wa H. pylori au dawa za maumivu, na hao hawaondolewi na juisi ya kabeji. Na kama umekuwa ukijinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, au unakula kisha unajitapisha, mwambie daktari au mshauri nasaha pamoja nasi. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Nisiporidhika na niliyemwona?

Mwambie mwenyewe kwanza, kwa kuwa huenda hakukuelewa. Vipimo vyako ni vyako: omba nakala uende kwa mwingine, huhitaji kueleza kwa nini. Lakini kama alikuachisha dawa ukaumia, alikuuzia vitu kwa uongo, au umegundua hana leseni, hifadhi risiti, jumbe za simu na makopo yenyewe, kisha wasilisha malalamiko KNDI. Wana mamlaka ya kisheria ya kumchukulia hatua, na atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako huenda ana ugonjwa mzito kuliko wako.